Pedali ya Laki Saba na Nusu: Jamaa Alivyokaribia Kupoteza Bendi, Chumba na Mchumba

Meseji iliingia Jumamosi saa mbili asubuhi kwenye simu ya kiongozi wa bendi. Ilikuwa fupi tu: hoteli imeipenda bendi, iko tayari kuipeleka Zanzibar miezi mitatu kuanzia Julai, malazi na chakula juu yao. Halafu ukaja mstari wa mwisho: "Ila mpiga gitaa tafuteni mwingine."

Kiongozi hakujua aifanye nini. Akaipiga skrinshoti, akamtumia mhusika bila kuongeza neno. Mhusika, jina kapuni, umri miaka 27, alikuwa bado kitandani kwenye chumba chake cha Tabata, pedali yake mpya iko mezani karibu na kichwa kama mtoto mchanga. Akaisoma ile meseji mara tatu. Uchungu wenyewe ni kwamba ile pedali aliinunua mahsusi kwa ajili ya usiku ule ambao meneja wa hoteli alikuja kuwasikiliza. Na aliinunua kwa hela ya kodi.

Kwa ambao hawapigi gitaa, pedali ya ovadraivu ni kijisanduku cha chuma kinachoenea kiganjani. Kinakaa chini, kati ya gitaa na amplifaya, na kinakanyagwa kwa mguu. Ukikikanyaga, ile sauti safi ya gitaa inapata mkwaruzo, kama mwimbaji anayepaza sauti hadi koo linakwaruza kidogo lakini bado yuko kwenye noti.

Asili ya mkwaruzo huo ni vifaa kuzidiwa. Amplifaya za zamani zilitumia valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani. Ukizifungulia sauti kupita uwezo wake zinashindwa kubeba mawimbi yote, vilele vya mawimbi vinakatwa taratibu, na kule kukatwa ndiko kunakozaa ladha. Wapo walioutafuta mkwaruzo kwa nguvu. Link Wray, Mmarekani, alitoboa spika za amplifaya yake ili apate sauti ya "Rumble", muziki usio na maneno uliotoka 1958. Dave Davies wa The Kinks, Uingereza, yeye alichana spika kwa wembe, na matokeo yake yanasikika kwenye "You Really Got Me" ya 1964.

Baadaye ikapatikana njia isiyohitaji wembe. Kampuni ya Boss ya Japani ilitoa OD-1 mwaka 1977. Ibanez, nao wa Japani, wakaja na Tube Screamer, pedali ya kijani ambayo Stevie Ray Vaughan wa Texas aliifanya itafutwe duniani kote. Mwaka 1981 Boss wakatoa SD-1, ya njano, ambayo bado inatengenezwa mpaka leo. Ndani ya vijisanduku hivi kuna chipu ndogo ya kukuza sauti na dayodi chache za kukata vile vilele. Umeme wake ni volti 9 tu, hata betri ndogo ya mraba inatosha.

Haya yote Jamaa aliyajua. Aliyajua kuliko mtu yeyote pale kwenye bendi.

Kwa miezi minne hakuwa na kazi nyingine usiku zaidi ya kuangalia video za pedali YouTube. Alijua kwamba ovadraivu inafuata mkono wako: ukigusa nyuzi taratibu sauti inabaki karibu safi, ukichapa inakwaruza. Alijua distosheni inakwaruza muda wote uwe umechapa au umegusa, na fazi inaichana sauti mpaka inafanana na nyuki ndani ya kopo. Alijua ipi inatumia chipu gani. Aliweza kubishana nawe nusu saa kuhusu dayodi.

Kitu kimoja hakukiona kwenye zile video zote, na kilikuwa mbele ya macho yake. Kila video ilikuwa na mtu mmoja amekaa peke yake kwenye chumba kizuri. Gitaa moja, amplifaya moja. Hakuna mpiga drams, hakuna besi, hakuna mwimbaji.

Basi akaipenda moja. Ya kutengenezwa kwa mkono, Marekani, rangi kama dhahabu iliyochakaa. Mshkaji wake anayeishi huko alikuwa anakuja likizo, angeweza kuibeba kwenye begi. Bei ikatajwa: laki saba na nusu.

Yeye na mchumba wake walikuwa na laki tisa. Kodi ya chumba ni 150,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba, kama wengi wa Dar, anataka ya miezi sita kwa mpigo, mwisho wa Juni, bila hadithi. Hela ilikuwa kwenye simu ya Jamaa kwa sababu ndiye aliyekuwa na laini yenye akiba. Nusu ya hela hiyo ilikuwa ya mchumba, ambaye ana kibanda cha kushona Buguruni na alikuwa anaweka elfu tano tano.

Hesabu aliyojipigia ilikuwa nyepesi. Meneja wa hoteli anakuja kuwasikiliza Ijumaa ya mwisho wa Mei. Wakichukuliwa, mshahara wa kwanza unarudisha kila kitu, na mchumba hatajua kama kuna kitu kilitoka. Akatuma hela.

Pedali ilipofika alikaa nayo wiki mbili chumbani. Kuta za Tabata ni nyembamba, majirani wana watoto, kwa hiyo alipiga kwa hedifoni au kwa kijiamplifaya sauti chini kabisa. Pedali ilikuwa na nobu nne, vile vya kuzungusha kwa vidole: draivu, ambayo ni kiasi cha mkwaruzo, levo, ambayo ni sauti inayotoka, toni, ambayo ni ukali, na besi. Draivu akaiweka robo tatu. Toni akapandisha. Besi akapandisha. Ikawa tamu kinoma. Alikuwa akipiga noti moja inakaa hewani mpaka anachoka yeye. Akirudia zile solo za video alikuwa anasikia kabisa kwamba sasa amefika.

Ijumaa ikafika. Ukumbi ni baa moja kubwa Sinza, watu wamejaa, meneja amekaa meza ya pembeni na soda yake. Bendi ilianza na zilipendwa mbili, gitaa safi, kila kitu poa. Wimbo wa tatu Jamaa akakanyaga pedali.

Waliokuwepo wanakumbuka uso wa dada mwimbaji. Kwanza aligeuka kumtazama. Kisha akaziba sikio moja kwa kidole, ile ishara ya mwimbaji anayejitafuta. Mpiga besi akaanza kumwonyesha fundi mitambo kwa mkono: niongeze, sijisikii. Akaongezwa. Mpiga drams akaanza kuchapa kwa nguvu zaidi. Na cha ajabu, Jamaa mwenyewe naye hakuwa anajisikia. Ile sauti nzuri ya chumbani imekwenda wapi? Akainama akaongeza draivu. Haikusaidia. Akaongeza tena.

Wimbo wa tano fundi mitambo alishusha maiki ya gitaa mpaka sifuri. Haikusaidia pia, maana amplifaya ya jukwaani peke yake ilitosha kufunika kila kitu. Meneja aliondoka kabla ya wimbo wa nane.

Kilichotokea kina maelezo, na inafaa kila mwenye pedali chumbani ayajue kabla hajapanda jukwaani.

Kwanza ni sikio lenyewe. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Bell Labs, Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote sawasawa. Sauti ikiwa ndogo, besi na sauti za juu kabisa zinapotea haraka kuliko za kati. Kwa hiyo mtu akitengeneza sauti yake usiku, kimya kimya, anaongeza besi na ukali ili kujaza pengo ambalo liko sikioni mwake. Akienda jukwaani akafungua sauti, pengo linajifunga lenyewe, na yale aliyoongeza yanabaki kuwa mzigo. Besi ya gitaa inavamia eneo la gitaa la besi na la dramu kubwa. Ule ukali unakwenda kukaa pale pale zinapokaa konsonanti za mwimbaji, zile s, t, k na ch zinazofanya neno lieleweke. Sehemu ya kati, ambayo ndiyo nyumbani kwa gitaa, inabaki tupu. Ndiyo maana alikuwa anawafunika wenzake wote na bado hajisikii.

Pili ni ule wingi wa draivu. Ukizidisha mkwaruzo, vilele vyote vya sauti vinakatwa sawa, noti uliyoigusa na noti uliyoichapa zinatoka na ukubwa ule ule. Chumbani hiyo inaitwa utamu. Kwenye bendi ni ukuta. Mwimbaji anahitaji gitaa linalopanda na kushuka ili apate mahali pa kupita.

Tatu ni mkono wake. Jamaa alikuwa anapiga kodi kamili, nyuzi sita, kama anavyopiga gitaa likiwa safi. Noti mbili zikipita kwenye mkwaruzo pamoja zinazaa noti nyingine ambazo hukuzipiga. Noti mbili au tatu zilizochaguliwa vizuri zinavumilia hilo. Ukitia nyuzi zote sita, unapata uji.

Hayo yote yanaandikika kirahisi leo. Jumamosi ile Jamaa alijua kitu kimoja tu: Juni inaingia, ana laki moja na nusu, na hana bendi.

Aliyempigia simu kwanza ni mpiga rithimu wa bendi, mzee wa miaka sitini na ushee ambaye wote wanamwita Anko. Anko alianza na bendi za dansi miaka ya 1980. Huwa haongei sana.

"Shikamoo Anko."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Kula. Kisha Jumanne uje mazoezini, uje na hicho kidubwasha chako. Kiongozi ameshaongea na yule meneja. Amesema tumtumie video ya nyimbo mbili, atatazama upya. Hajaahidi kitu."

Jamaa akataka kuanza kujieleza, kwamba fundi mitambo ndiye aliyeharibu, kwamba amplifaya ya ukumbi ni mbovu. Anko akamkatisha.

"Kijana, zamani tulikuwa tunapanda na amplifaya moja. Magitaa mawili na maiki ya mwimbaji, vyote mle mle. Wewe ukiongeza, mwimbaji anazama. Akizama, hakuna hela. Ilikuwa adabu, tena ya lazima. Njoo Jumanne."

Jumanne Anko alifika na mfuko wa rambo. Ndani kulikuwa na SD-1 ya njano, imechubuka rangi, nobu moja imefungwa kwa gundi ya karatasi. Aliiazima kwa vijana wa kwaya ya kanisani kwao. Akaziweka pedali mbili chini, akamwomba dada mwimbaji khanga yake, akazifunika. Kisha akamwambia dada ageukie ukutani ashike maiki.

"Wimbo ule ule mara tatu. Wewe unaimba tu. Ukimaliza kila mara, sema unavyojisikia. Kijana, wewe usiguse kitu, nitazungusha mimi."

Dada mwimbaji hajui draivu ni nini. Amewahi kuiita pedali "ile pasi yenu". Lakini kwa saa nne kila Ijumaa na Jumapili yeye ndiye anayeimba juu ya lile gitaa, na akikosa sauti Jumatatu hakuna anayemlipa.

Mara ya kwanza walipiga. Alipomaliza akasema bila kugeuka: "Hii hapana. Naimba kama niko ndani ya daladala."

Mara ya pili. Dada alianza kwa nguvu kama mtu anayejiandaa kwa vita, kisha katikati ya ubeti akaishusha sauti mwenyewe. Alipomaliza: "Hapo nasikia maneno yangu." Mpiga besi naye, ambaye hakuulizwa, akasema leo ndiyo mara ya kwanza anaisikia nyuzi yake ya nne.

Mara ya tatu. Dada akageuka nusu: "Si hiyo hiyo ya pili? Kwani mmebadilisha?"

Anko akafunua khanga.

Mara ya kwanza ilikuwa pedali ya dhahabu, kama Jamaa alivyozoea kuiweka. Mara ya pili ilikuwa ile ya njano ya kwaya. Mara ya tatu ilikuwa ya dhahabu tena, ila Anko ameshusha draivu hadi robo, ameshusha toni chini ya nusu, ameondoa besi karibu yote, kisha amepandisha levo.

Kukawa kimya. Kama pedali ya dhahabu ingekuwa mbovu, ingekuwa afadhali. Mtu unasema nilipigwa, unasonga. Pedali ilikuwa nzuri tu. Ikiwekwa vizuri ilifanya kazi sawa na ile ya njano, na mtu pekee ambaye sikio lake lilikuwa na maana pale ndani hakusikia tofauti ya laki sita.

Jamaa aliisikia tofauti, lazima isemwe. Ile ya dhahabu ilikuwa na kitu fulani laini mwisho wa noti. Alijaribu kuwaonyesha. Mpiga drams akasema, "Mwana, mimi nasikia gitaa."

Mazoezi ya siku ile yaliendelea saa tatu, na sehemu kubwa Anko alikuwa anamwondolea vitu. Usipige nyuzi sita ukiwa umekanyaga, piga mbili, tatu. Ukitaka solo isikike, panda kwa levo, usipande kwa draivu. Ubeti ukianza, rudisha nobu ya sauti kwenye gitaa lenyewe mpaka sita au saba, mkwaruzo unapungua bila kugusa pedali, kisha ifungue kiitikio kikifika. Sebene ikianza, zima kabisa. "Sebene iko safi tangu sijaoa," alisema Anko, "usiipake masizi."

Na rekebisha sauti yako wakati bendi nzima inapiga. Ukiwa peke yako itasikika nyembamba, ya kati kati, hata haivutii. Iache hivyo hivyo. Pedali nyingi za aina ya Tube Screamer na SD-1 zimetengenezwa hivyo makusudi: zinapunguza besi na kusukuma sauti za kati, ili gitaa likae kwenye kiti chake na wengine wapate vya kwao. Anayezijaribu dukani peke yake mara nyingi anaondoka akisema hazina nguvu.

Usiku ule alimwambia mchumba wake. Hakukuwa na namna nyingine. Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, kuhusu uwekezaji, kuhusu vifaa vya kazi, kuhusu fundi yeyote kuhitaji nyenzo. Alipofika akasema tu: "Nilitoa hela ya kodi."

Mchumba alikuwa anapiga pasi vitambaa vya mteja. Akauliza kiasi. Akaambiwa. Akaendelea kupasi mpaka akamaliza kile kitambaa, akakikunja.

"Ungeniuliza," alisema.

"Ungekataa."

"Ningekataa. Ndiyo maana ya kuuliza." Kisha akaongeza kitu ambacho Jamaa alikirudia kwa Anko kesho yake: "Hizo hedifoni zimekuzoesha vibaya. Unasikia unachotaka wewe tu."

Siku tatu hakuongea naye zaidi ya salamu.

Pedali ya dhahabu ilipata mteja ndani ya wiki, mpiga gitaa mmoja wa Mbezi anayepiga kwenye studio yake mwenyewe, ambako kweli ule ulaini wa mwisho wa noti una kazi. Alitoa laki sita. Jamaa aliifuta vumbi kwanza, akaiangalia, akaikabidhi. Alisikia mkono mwepesi njia nzima ya kurudi. Laki moja na nusu imekwenda na maji, mwezi mmoja mzima wa kodi.

Akaenda Kariakoo na Anko kutafuta SD-1 iliyotumika. Wakaipata ya 110,000. Muuzaji akawatupia na adapta ya bure. Anko akaishika, akaisogeza karibu na macho, akairudisha. Ilikuwa ya kinanda, volti 12, chanya iko katikati. Pedali nyingi za aina hii zinataka volti 9, hasi iwe katikati, na ukikosea unaweza kuiunguza kabla hujapiga hata noti moja. Kile kimchoro kidogo cha duara chenye alama ya kujumlisha na kutoa pembeni ya tundu la umeme ndicho kinachosema. Wengi hawakisomi.

Hesabu ikabaki hivi: laki moja na nusu iliyokuwepo, jumlisha laki sita, toa 110,000. Ni 640,000. Mchumba ndiye aliyekwenda kuongea na mwenye nyumba, kwa sababu yeye ndiye anayeheshimika pale. Mwenye nyumba akakubali miezi minne, miwili iliyobaki imaliziwe kabla ya Oktoba. Alisema ni mara ya kwanza na ya mwisho.

Video waliirekodi Jumapili mchana, ukumbi ukiwa mtupu, simu moja imeegemezwa kwenye kreti la soda. Kabla ya kuanza, dada mwimbaji alisimama mbele ya amplifaya, si pembeni anakokaa mwenye gitaa, na akawa anasema: punguza, punguza, rudi kidogo, hapo. Jamaa anazungusha, dada anaimba mstari mmoja, wanarudia. Walipofika "hapo" ya mwisho, dada alitoa penseli ya wanja kwenye pochi, akainama, akachora mstari mdogo pembeni ya kila nobu.

"Ukivuka hapa, mimi nashuka jukwaani," alisema, na hakuwa anatania sana.

Kwenye wimbo wa pili kuna solo ya Jamaa, vipimo nane tu. Anakanyaga, noti zinatoka zina mkwaruzo kidogo, besi inasikika chini yake, na mpiga drams kwenye video anaonekana kabisa akitabasamu. Kisha anazima na dada anaingia, na neno la kwanza analoimba linasikika lote, hadi herufi ya mwisho.

Jibu la meneja lilikuja Jumatano. "Hii safi. Huyu ndiyo mpiga gitaa mpya?"

Kiongozi akajibu: "Yule yule."

Meneja alichukua muda mrefu kuandika. Mwisho akasema waje mwezi mmoja kwanza, Julai peke yake, miwili mingine itategemea. Si mkataba waliousikia mwanzoni. Lakini walikwenda wote, pamoja na yule ambaye hoteli ilisema wamtafutie mbadala.

Kwenye boti Jamaa alikaa na begi miguuni, SD-1 imo ndani imefungwa kwenye soksi, alama za wanja zimepakwa rangi ya kucha isiyo na rangi ili zisifutike. Rangi hiyo aliiomba kwa mchumba. Alipewa, pamoja na maelekezo kwamba mshahara unaingia kwenye laini ya mchumba moja kwa moja mpaka deni la mwenye nyumba liishe. Hakubisha.

Usiku wa kwanza walipiga hadi saa sita. Alikanyaga pedali kwenye nyimbo nne tu. Baada ya hapo, miguu iko mchangani, alimtumia mchumba kipande cha dakika moja kilichorekodiwa na mhudumu wa hoteli, akasubiri. Tiki mbili zikawa bluu. Ikapita dakika, ikapita nyingine.

Kisha likaja jibu: "Dada anasikika vizuri. Bado miezi miwili."